Maji ya Ruvu yakiingia Dar tunashangilia, yakitoka hakuna anayeuliza yanaenda wapi

Kila mradi wa maji ukizinduliwa hapa Dar picha ni zilezile, bomba linafunguliwa, akina mama wamepanga ndoo, kiongozi anakunywa glasi moja mbele ya kamera, na kiukweli ile furaha ni ya haki kabisa kwa sababu watu wamehangaika na madumu miaka na miaka. Mimi pia nafurahi. Ila kuna swali silisikii likiulizwa siku ile ya uzinduzi, wala siku inayofuata, wala kwenye vikao vya bajeti: haya maji yakishaingia ndani, watu wakaoga, wakafua, wakamwaga chooni, baada ya hapo yanaelekea wapi?

Tupige hesabu kidogo. Mtambo wa Ruvu Chini, kwenye mto Ruvu unaoulisha mji huu, una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu lita milioni 196, jumla 466, na hapo sijagusa visima vya serikali wala vya watu binafsi ambavyo vimejaa mji mzima. Tuseme theluthi nzima inapotelea njiani, mabomba kupasuka, wizi na mengineyo, inabaki kama milioni 310. Mainjinia wa majitaka wakipiga mahesabu yao huwa wanachukulia kwamba karibu asilimia 80 ya maji yanayotumika nyumbani yanarudi kama majitaka. Kwa hiyo kwa makadirio haya ya kwangu, tena ya kubana, tunaongelea lita milioni 250 hivi kila siku ya Mungu. Gari la kunyonya majitaka la lita 10,000 lingetakiwa lipige tripu 25,000 kwa siku moja kuyabeba. Hakuna magari hayo, na hata yangekuwepo hakuna barabara ya kuyapitisha.

Sasa wengi wanadhani kuna bomba kubwa chini ya mji linabeba haya mambo. Lipo, lakini la wachache. Taarifa rasmi kwa miaka mingi zimekuwa zikizungukia asilimia 10 hivi ya wakazi ndo waliounganishwa na mtandao wa majitaka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 kwenye mkoa huu, kwa hiyo watu karibu milioni 5 wanategemea shimo la choo au karo, yaani tangi la majitaka la ardhini. Hili ndo jambo nataka lieleweke vizuri, maana mjadala wote wa uchafuzi wa bahari yetu huwa unaishia kwenye mitambo, tujenge mtambo, mkopo wa mtambo umesainiwa, mtambo umefikia asilimia kadhaa. Mtambo unasafisha kile kinachoufikia tu. Kama nyumba yako haijaunganishwa, mtambo uwe wa kisasa kiasi gani, kinyesi chako hakiujui. Usafi wa maji pale ufukwe wa Coco unaamuliwa uani kwa watu, Vingunguti, Manzese, Mbagala, na Mikocheni pia, usidhani ni uswahilini peke yake.

Tuanze na hao wachache waliounganishwa, maana hata wao kuna shida. Katikati ya mji, Kariakoo, Upanga na maeneo ya maofisini, mfumo ni wa tangu enzi za mkoloni na ulijengwa kwa wazo moja rahisi: kusanya, sukuma, peleka baharini. Bomba linaingia baharini upande wa Ocean Road, barabara ambayo saivi inaitwa Barack Obama, na kwa miaka mingi kilichopita humo kimekuwa hakijatibiwa. Wazo lile lilikuwa na mantiki kwa mji mdogo. Kwa mji wa watu zaidi ya milioni 5 wenye maghorofa yanayoota Kariakoo kila mwezi, mantiki hiyo haipo tena.

Maeneo mengine yaliyounganishwa yanapeleka kwenye mabwawa, kuna ya Vingunguti, Buguruni, Mabibo, Kurasini, Mikocheni, Lugalo, na chuo kikuu pale UDSM. Watu wengi wanayadharau haya mabwawa kwa sababu yananuka na yanaonekana ya kizamani. Mimi nayatetea. Kwa hali ya hewa ya Dar ni teknolojia nzuri sana na haitaki umeme. Bwawa la kwanza lina kina kirefu, mita 2 mpaka 5, halina oksijeni, uchafu mzito unazama chini na bakteria wanaumeng'enya. La pili ni mita moja na nusu hivi, juu yake unaona rangi ya kijani, ule ni mwani mdogo mdogo unatengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua na bakteria wa aina nyingine wanaitumia kumalizia kazi. Ya mwisho yana kina kifupi, kama mita moja, ili jua lipenye na kuua vimelea, na mayai ya minyoo yanakuwa yameshazama kabla ya kufika hapo. Kinachotakiwa ni muda tu. Maji yakae humo siku nyingi, hata wiki kadhaa, bila kuharakishwa.

Na muda ndo tunaoupoteza. Tope likijaa chini na lisipozolewa, nafasi ya maji inapungua, bwawa lililosanifiwa maji yakae siku 20, likijaa tope nusu yanakaa siku 10, yanatoka mabichi. Halafu mabwawa yaliyosanifiwa kupokea majitaka ya bomba, ambayo yana maji mengi, tunayamwagia tope la mashimo ya vyoo kutoka kwenye magari, na tope la shimo lililokaa miaka 5 ni zito kuliko majitaka ya kawaida mara kumi na zaidi. Ongeza viwanda vya jirani vinavyoachia rangi na kemikali zinazoua hao bakteria tunaowategemea. Kiwango cha taifa kinasema maji yakitoka kwenye mfumo yasizidi BOD ya miligramu 30 kwa lita, yaani kipimo cha oksijeni ambayo vijidudu vingehitaji kumalizia uchafu uliobaki. Ni kiwango kizuri. Ila bwawa halifuati sheria iliyoandikwa, linafuata siku ngapi maji yamekaa na tope lilizolewa lini. Bajeti ya kuzoa tope haina uzinduzi wala utepe wa kukata, ndo maana kila mwaka inasogezwa mbele.

Sasa tuje kwa wale milioni 5.

Ukitaka kuelewa bahari ya Dar nenda bondeni usiku ambao mvua kubwa ya masika inanyesha. Watu wanasubiri ile mvua. Shimo limejaa miezi, gari la majitaka halifiki kwa sababu kichochoro ni cha kupita pikipiki tu kwa tabu, na hata likifika bei ya tripu moja inaweza kuzidi kodi ya mwezi ya chumba kimoja, na nyumba ina wapangaji sita ambao kila mmoja anasema hilo ni la mwenye nyumba. Basi mvua ikikolea watu wanatapisha vyoo. Wanatoboa ukuta wa shimo upande wa bondeni, kinachotoka kinaingia kwenye mtaro, mtaro unaingia mtoni, asubuhi shimo jeupe na hakuna aliyelipa hata mia. Wengine wanawaita vyura, wale vijana wanaoingia shimoni na ndoo na koleo, wanachimba shimo jingine pembeni na kuhamishia humo, kazi ya hatari ambayo wengi wanaifanya bila glavu wala buti. Nimeishi karibu na bonde muda wa kutosha kujua kwamba kuwatukana hawa watu hakusaidii. Familia inayotapisha choo inajua ni vibaya, watoto wao wenyewe ndo wanaochezea ule mtaro kesho yake. Imepiga hesabu kwa pesa iliyonayo, na mji haujawapa njia nyingine.

Mto unaopokea sehemu kubwa ya hayo ni Msimbazi. Unaanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unashuka Gongo la Mboto, Ukonga, Tabata, unapita Vingunguti penye machinjio na mabwawa, Kigogo, Jangwani, mpaka unamwagikia baharini pale Salenda. Watu wanaovuka Daraja la Tanzanite jioni wanapiga picha nzuri sana za machweo, na chini yao ndo mdomo wa mto ambao umebeba karibu kila kitu cha upande wa magharibi wa mji. Kwenye mafuriko ya Desemba 2011, yale ambayo baadaye watu wa bondeni walihamishiwa Mabwepande, maji yaliyoingia majumbani hayakuwa ya mvua peke yake. Na Agosti 2015 kipindupindu kilipoanza hapa Dar, Kinondoni, kikasambaa mikoani, nchi nzima ilirudishiwa jibu la swali ambalo hatukuuliza.

Upande wa kaskazini kuna Mlalakuwa unaomwagikia baharini Kawe, mto mdogo lakini umebeba ya Mwenge na Mikocheni. Kusini kuna Kizinga na Mzinga kutoka pande za Mbagala, hiyo inaingia kwenye mkono wa bahari nyuma ya bandari, ambako maji hayana mzunguko mkubwa kama baharini.

Halafu kuna njia ambayo haionekani kabisa, na hii inawahusu wenye nyumba nzuri. Sehemu kubwa ya pwani yetu ni mchanga na maji ya ardhini yako juu, ukichimba mita chache Msasani au Mikocheni unayakuta. Karo kwa kawaida linategemea udongo uchuje maji kabla hayajafika chini. Kama maji ya ardhini yako palepale chini ya karo, hakuna cha kuchuja, yanaungana, na maji ya ardhini nayo yanasafiri taratibu kuelekea baharini. Zamani kiwanja kikubwa kilikuwa na nyumba moja na familia moja, karo lilitosha. Leo kiwanja kilekile kina ghorofa la familia thelathini. Watu hawaoni chochote, chemba haijafurika, wanadhani wako safi.

Hapo mtu ataniambia kaka, bahari ni kubwa, maji ya chumvi yanaua wadudu, itajisafisha. Kuna ukweli ndani yake na sitaki kuuficha. Jua kali na chumvi vinaua bakteria wengi wa kinyesi ndani ya saa chache au siku kadhaa, na kupwa na kujaa kwetu ni kukubwa, wakati wa bamvua, siku ambazo maji yanajaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti inapita mita 3, maji mengi yanabadilishana. Lakini virusi vinadumu kuliko bakteria, na bakteria wanaojificha kwenye tope la chini wanaishi muda mrefu zaidi, watoto wakikanyaga wanawaamsha. Halafu angalia namba. Shirika la Afya Duniani linatumia bakteria wanaoitwa enterokokasi kupima maji ya kuogelea, wakizidi 500 kwenye mililita 100 inakadiriwa zaidi ya mtu mmoja kwa kila kumi wanaoogelea anaweza kupata ugonjwa wa tumbo. Majitaka mabichi yanaweza kuwa na bakteria hao laki kadhaa mpaka milioni kwenye ujazo huohuo. Kutoka milioni moja kufika 500 unahitaji kuyachanganya na maji safi mara 2,000. Mbali kule kwenye mkondo mkubwa inawezekana. Kwenye maji ya kufika magotini pale karibu na mdomo wa Msimbazi, maji yanapwa, mvua ilinyesha usiku, haiwezekani.

Na upepo una habari yake, wavuvi wanaijua kuliko ofisi yoyote. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, mkondo wa pwani unakwenda kaskazini kwa nguvu na unahamisha maji. Wakati wa kaskazi, Novemba mpaka Machi, mkondo unalegea, upepo unatoka baharini kuja nchi kavu, maji yanazubaa karibu na ufukwe. Ndo msimu wa sikukuu za mwisho wa mwaka, watoto wako likizo, vuli imetoka kunyesha, na fukwe zimejaa watu.

Kuna jambo lingine ambalo halihusu tumbo. Kinyesi na mikojo vina naitrojeni na fosforasi nyingi, ni mbolea kabisa, na mbolea ikiingia baharini inakuza mwani. Matumbawe yanapenda maji maangavu yenye lishe kidogo, mwani ukikua unayafunika, unachukua mwanga, na matumbawe machanga yanakosa pa kushika. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975, tumezilinda dhidi ya baruti na nyavu haramu angalau kwa sheria, ila mpaka wa hifadhi hauzuii naitrojeni. Na wale akina mama wanaotoka maji yakipwa kuokota chaza na kome wanapata hasara ya moja kwa moja, kwa sababu hao viumbe wanakula kwa kuchuja maji, wanakusanya mwilini vimelea vilivyomo kwenye lita nyingi za bahari. Hakuna aliyewahi kuwapa hawa akina mama kipimo cha eneo wanaloliokota.

Miradi ipo, na inastahili kusifiwa. Kuna ule wa Mbezi Beach, Kilongawima, kwa fedha za Benki ya Dunia, na ule wa Buguruni kwa mkopo wa Korea Kusini, na kuna mradi wa bonde la Msimbazi. Siupingi hata mmoja. Ninachotaka ni tubadilishe kipimo tunachowauliza DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, na Wizara ya Maji. Badala ya mtambo umefika asilimia ngapi, tuulize nyumba ngapi zimeunganishwa mwezi huu, kwenye mtaa upi, na mwenye nyumba alitozwa shilingi ngapi. Bomba kubwa likipita barabarani halafu mwenye nyumba anaambiwa atafute mwenyewe hela ya bomba la kutoka chooni mpaka barabarani, hataunganisha, na mimi ningekuwa yeye nisingeunganisha. Gharama hiyo iingie kwenye mradi tangu mwanzo, au akatwe kidogokidogo kwenye bili ya maji kwa miaka kadhaa. Mkopo wa mabilioni unaokopwa kwa ajili ya saruji unashindwaje kukopwa kwa ajili ya hizo mita 15 za mwisho?

Na kwa uswahilini ambako bomba kubwa halipiti, njia ipo na ilishajaribiwa hapahapa. Vingunguti shirika la CCI pamoja na wananchi wa shirikisho la watu wa kipato cha chini mijini walilaza mabomba membamba, kina kifupi, yanapita vichochoroni kati ya nyumba na nyumba mpaka kwenye mabwawa. Majirani wanakubaliana bomba lipite wapi, wanatunza chemba zao wenyewe. Ni rahisi kuliko mfumo wa kawaida, na ndo aina ya kazi ambayo halmashauri zetu tano zingeifanya mtaa kwa mtaa bila kusubiri mkopo wa nje.

Kwa mashimo yatakayobaki, na yatabaki mengi kwa miaka mingi, tunahitaji vituo vya kupokea tope karibu na watu. Dereva wa gari la majitaka anayetoka Mbagala ndanindani au Bunju akipita foleni yote ile kwenda kumwaga, mafuta yake yako kwenye bei unayolipa wewe, na ndo pale wengine wanaposhawishika kumwaga korongoni usiku. Kituo kikiwa karibu bei inashuka, na bei ikishuka sababu ya kutapisha inapungua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 tunayo, faini tunazo, lakini faini kwa mtu asiye na njia mbadala haijawahi kusafisha mto.

La mwisho ni vipimo. Mtu anayempeleka mtoto Coco jumapili hana mahali pa kuangalia maji ya leo yakoje. Hakuna kibao, hakuna namba. Durban walipopata mafuriko Aprili 2022 mitambo yao ya majitaka iliharibika, fukwe nyingi zikafungwa, na matokeo ya vipimo yakawa yanatangazwa, watu wakapiga kelele, wafanyabiashara wa hoteli wakapiga kelele, na kelele zile ziliwabana viongozi kwa sababu zilikuwa na namba ndani yake. Kipimo cha enterokokasi hakihitaji maabara ya ajabu, majibu yanatoka ndani ya siku moja au mbili. NEMC (wasimamizi wa mazingira wa taifa), DAWASA na halmashauri wakubaliane tu sehemu za kupimia: mdomo wa Msimbazi, Mlalakuwa pale Kawe, Coco, Ocean Road, Feri, Kigamboni, Kunduchi, na mbele ya Bongoyo na Mbudya kwa kulinganisha. Wapime kila wiki, na wasichague siku nzuri, wapime pia asubuhi baada ya mvua kubwa na maji yakiwa yamepwa. Matokeo yabandikwe ofisi za serikali za mitaa, kwenye diko la wavuvi na kwenye simu za watu. Waanze sasa hivi, kabla mitambo ya Mbezi na Buguruni haijachukua mzigo wake wote, ili siku ikishauchukua tuwe na namba za kabla na za baada, na tujue kama maji yanayotokea Salenda yamebadilika kweli.